Kuoga msituni: maana yake na kwa nini kunatuliza moyo

Kuoga msituni ni kuingia msituni taratibu, bila shughuli yoyote, ukaviachia macho, masikio, pua na ngozi vipokee kilichomo. Maji hayahusiki. Wajapani hukuita shinrin-yoku, jina lililoanza kutumika mwaka 1982, Idara ya Misitu ya Japani ilipowahimiza wananchi waliochoshwa na kazi za mijini waende kupumzika msituni. Msitu wa Akasawa, mkoani Nagano, ni miongoni mwa misitu ya kwanza kutumika hivyo; humo miti mingi ya hinoki ina zaidi ya miaka 300.

Wengi hudhani haya ni mazoezi. Anayetembea kwa kasi huku akihesabu hatua kwenye simu anafanya jambo jema, ila hajaoga msituni. Anayeoga anaweza kumaliza saa mbili na asifikishe kilomita mbili. Anasimama. Anapapasa gome la mti, anasikiliza ndege mpaka amjue aliye karibu na aliye mbali, anavuta harufu ya majani yanayooza baada ya mvua. Mawazo ya madeni na ada za watoto yatamjia tu. Hayafukuzi, anarudi kuwasikiliza ndege.

Kwa nini moyo hutulia? Mjini mwili hukaa chonjo muda wote: honi, foleni, simu isiyonyamaza. Msituni hakuna kinachodai jibu lako, hivyo sehemu ya mfumo wa neva inayoupumzisha mwili hupata nafasi, mapigo ya moyo hupungua, na kotisoli, homoni ya msongo, hushuka. Yoshifumi Miyazaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba walipima hayo kwa kulinganisha watu walipokuwa msituni na walipokuwa mjini. Daktari Qing Li wa Tokyo naye alichunguza fitonsidi, yaani kemikali zenye harufu ambazo miti hutoa kujikinga na wadudu na vimelea, akaona seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa virusi na za saratani zikipata nguvu kwa watu waliokaa siku tatu msituni. Vipimo vyake vya mwanzo vilihusu watu wachache, kwa hiyo anayetangaza kwamba msitu unaponya saratani anawapotosha wagonjwa. Mwenye sonona aende hospitali, na msitu umsaidie akiwa kwenye matibabu.

Aliye Nairobi ana Karura, msitu uliobaki kwa sababu watu waliupigania; Wangari Maathai alijeruhiwa pale Januari 1999 akipinga usigawanywe viwanja. Karibu na Dar es Salaam kuna msitu wa Pugu. Nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika vidole, na kama mko wawili kubalianeni mapema kutozungumza. Asiye na msitu karibu aanze na mwembe mkubwa: akae chini yake nusu saa, simu imezimwa, asisome chochote.