Bei ya petroli Kenya: ni kikomo, si bei ya lazima

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti bei ya petroli inayotangazwa kila tarehe 14 ni ya lazima, na kituo kinachouza chini yake kimechanganya na mafuta taa. Sivyo. Tangu Desemba 2010, Kenya hutangaza bei ya juu kabisa, ili wauzaji wachache wasimkamue mteja asiye na pengine pa kwenda. Kushusha ni ruhusa.

Soma tangazo lenyewe, mji kwa mji: Mombasa huwa chini ya Nairobi, Mandera juu. Kisha tazama ubao wa kituo chako. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana vituo vingi huuza palepale kwenye kikomo, hadi senti. Mafuta yaliyochanganywa yapo kweli, ila bei pekee haiyafichui. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako.