Maana ya Usimbaji Fiche wa Mwisho hadi Mwisho: Telegram, WhatsApp na Signal

Watu wanapobishana kuhusu mtandao upi wa mawasiliano ulio huru zaidi, mara nyingi huchanganya maswali mawili yasiyofanana. La kwanza linahusu uhuru wa kusema, yaani ni mambo gani mwenye mtandao anakuacha uyasambaze bila kuyafuta wala kukufungia akaunti. La pili linahusu faragha, yaani mwenye mtandao huyohuyo anaona nini katika yale unayomwandikia mwenzako. Mtandao unaweza kukuachia useme upendavyo huku ukihifadhi kila neno lako, na ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana ni lazima kwanza kuelewa dhana ya usimbaji fiche.

Kusimba ni kugeuza maandishi, sauti au picha kuwa alama zisizosomeka isipokuwa kwa mwenye ufunguo. Karibu huduma zote za leo husimba ujumbe unapokuwa njiani kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni, kwa hiyo mtu anayedukua Wi-Fi ya hotelini haambulii kitu. Ukishafika kwenye seva, hata hivyo, ufunguo uko mikononi mwa kampuni, ambayo ikitaka, au ikiamriwa na mahakama, inaweza kuusoma. Maneno “mwisho hadi mwisho” yanaeleza mahali ufunguo unapokaa: hutengenezwa na kubaki ndani ya simu zinazowasiliana, na kampuni iliyo katikati hupitisha mzigo isioweza kuufungua.

Telegram, iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili kutoka Urusi, Pavel na Nikolai Durov, ina sifa ya usiri ambayo kwa maoni yangu imezidi stahili yake. Ukinunua simu mpya na kuingia kwa namba yako, soga za miaka mitatu iliyopita hutokea zote papo hapo, bila bekapu, yaani nakala ya akiba. Urahisi huo wenyewe ndio ushahidi, kwa kuwa soga hizo zinatoka kwenye seva za kampuni, na funguo zake kampuni inazo. Kwa ujumbe, usimbaji wa mwisho hadi mwisho hupatikana tu katika soga ya siri, ambayo ni lazima uianzishe mwenyewe kwa kufungua wasifu wa mwenzako, kugusa vidoti vitatu na kuichagua, na hapo alama ya kufuli hutokea kando ya jina lake. Soga hiyo haihami kwenda simu nyingine, na katika makundi haipo kabisa.

WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, ilikamilisha usimbaji huo kwa watumiaji wake wote Aprili 2016, nao hufanya kazi bila mtu kubonyeza chochote. Kasoro yake ya miaka mingi ilikuwa bekapu, ambazo zilipelekwa kwenye hifadhi za mtandaoni za Google Drive au iCloud bila ulinzi huo, hadi mwaka 2021 ulipoongezwa uwezo wa kuzisimba, na hata huo sharti uuwashe katika mipangilio. Pia yapo mambo ambayo usimbaji hauyagusi: namba yako, aina ya simu, anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), saa unazokuwa hewani na watu unaowasiliana nao. Taarifa hizi zinazouzunguka ujumbe huitwa metadata, na mtu anaweza kubashiri mengi kutokana nazo bila kusoma neno hata moja. Anayepiga simu kwa wakili mara nne kwa usiku mmoja hahitaji kusikilizwa ili ajulikane kwamba ana shida.

Hapo kwenye metadata ndipo Signal, mtandao wetu wa tatu, inapojitenga na wenzake. Mwaka 2016 mamlaka za Marekani ziliitaka kisheria itoe taarifa za watumiaji, nayo ikaweza kutoa tarehe mbili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva kwa mara ya mwisho. Haikuwa ukaidi, hakukuwa na kingine kilichohifadhiwa.

Tukirudi kwenye uhuru wa kusema, mambo yanageuka. Kampuni isiyoweza kusoma haiwezi pia kufuta, kwa hiyo WhatsApp ililazimika kutafuta njia ya kuzuia uvumi bila kuyaona maneno yenyewe. Baada ya mauaji yaliyochochewa na uvumi nchini India mwaka 2018, ilianza kuwekea mipaka usambazaji, na Januari 2019 ikautangazia ulimwengu mzima kwamba ujumbe hautatumwa kwa zaidi ya soga tano kwa mkupuo. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ulibakiziwa soga moja tu. Mtumiaji akiripoti mtu, nakala za ujumbe wa karibuni hutumwa kwa kampuni, na hapo husomeka, kwa sababu aliyeripoti ndiye aliyeufungua.

Telegram, yenye makundi ya hadi watu 200,000 na chaneli zisizo na kikomo cha wafuasi, kwa miaka mingi iliacha mengi yapite, na hilo limeigharimu. Mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya iliagiza izimwe wakati wa mitihani ya taifa kwa hofu ya wizi wa mitihani. Miezi michache kabla, Agosti, Pavel Durov alikamatwa Ufaransa, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itatoa namba za simu na anwani za IP za wanaovunja kanuni zake, pale itakapopata maombi halali ya kisheria.

Neno “mwisho” lenyewe nalo linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa katika soga ya watu wawili miisho ni miwili, lakini kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, na kila simu ndani yake ni mwisho mmoja wenye ufunguo kamili. Skrinishoti inayopigwa kwenye simu mojawapo haivunji usimbaji wowote, maana hapo ujumbe umekwisha kufunguliwa kihalali na mmoja wa wale uliowaandikia.