Kiatamizi cha chuo ni nini?

Kuku huatamia mayai yake kwa siku zipatazo 21. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa neno kiatamizi, ambalo katika mambo ya biashara ni kituo kinachoipokea kampuni changa, kuilea kwa muda maalumu, kisha kuiachia sokoni ijitegemee. Ulinganisho huo haukuanzia kwa Waswahili. Mwaka 1959 Joseph Mancuso aligawa jengo la kiwanda kilichofungwa huko Batavia, katika jimbo la New York, akawapangisha wafanyabiashara mbalimbali. Mmoja wa wapangaji wake alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga, na Mancuso akawa anatania kwamba jengo lake linaatamia biashara kama vifaranga; jina likatokana na utani huo.

Vyuo vikuu viliingia baadaye: Georgia Tech na Rensselaer vya Marekani vilianza mwaka 1980. Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kituo cha Chandaria, na Morogoro ipo SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kwa nini chuoni? Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uhandisi ambaye, kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, ametengeneza kikaushio cha mboga kinachotumia jua. Karakana anayo, mhadhiri wa kumsahihisha yupo, lakini hajui akiuze kwa bei gani, hajasajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania wa kusajili biashara, wala hajawahi kumuuliza mkulima hata mmoja kama anakihitaji. Bila mtu wa kumshika mkono, kikaushio kitaishia stoo ya idara, kama vilivyoishia vingi. Kiatamizi humpa meza na intaneti, ambavyo kwa kweli ndivyo vyenye thamani ndogo kuliko vyote, pamoja na mnasihi aliyewahi kufanya biashara, msaada wa hesabu na sheria, na nafasi ya kukutana na wawekezaji. Vituo vingine hutoa pia mtaji mdogo wa kuanzia.

Kiatamizi kisichanganywe na programu za kuharakisha biashara, ambazo huchukua kampuni iliyokwisha kuanza kuuza na kuisukuma kwa miezi michache. Kuatamia huweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au zaidi.

Jambo linaloleta ugomvi ni umiliki. Ikiwa kifaa kimebuniwa kwa mashine za chuo, tena kwa msaada wa mhadhiri anayelipwa na chuo, hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi huo, itakuwa ya nani? Jibu hutegemea sera ya miliki ubunifu ya chuo husika, na mwanafunzi anapaswa kuisoma kabla ya kusaini mkataba na kiatamizi, kwa kuwa mwekezaji atakapokuja, swali lake la kwanza huenda likawa hilo.

Mkataba huohuo hutaja pia muda wa kutoka. Kampuni inayozidi kukaa kwa sababu tu kodi ya pango ni nafuu, bila kupata mteja anayelipa, ni yai viza, na inaziba nafasi ya nyingine.