Je, wajua kwa nini kaa akivunjika gando hatoki damu nyekundu?

Shuka kwenye mwalo wowote wa Mwanza alfajiri, wavuvi wanapokung'uta nyavu. Katikati ya sangara na sato hukosi kaa mmoja aliyenasa, na mara nyingi gando lake limeshavunjika. Tazama pale palipovunjika. Yanatoka majimaji, basi. Ndiyo maana watu husema kaa hana damu.

Anayo, ndiyo hiyo. Ikipigwa na hewa inaingia usamawati hafifu, halafu inaganda. Kaa akiishi, baada ya muda kidonda huwa cheusi.

Usamawati unatokana na shaba. Damu yetu hubeba oksijeni kwa madini ya chuma yaliyo ndani ya himoglobini, ndipo tunapopata wekundu. Kaa, kamba na uduvi wana himosayanini: atomu mbili za shaba zinashika molekuli moja ya oksijeni, na zikiiachia, rangi inapotea. Protini hiyo haijafungiwa ndani ya chembe kama yetu. Inaelea tu, nayo ndiyo nyingi kuliko protini nyingine zote humo.

Lakini kinachowavuta zaidi watafiti wa dawa ni kile kidonda cheusi. Kaa anashinda kwenye matope yenye bakteria wa kila aina, na mwilini hana kingamwili kama zetu, zile zinazomkumbuka adui wa mwaka juzi. Damu yake lazima imalize kazi hapo hapo. Inaganda kuziba tundu, inatengeneza melanini (jamaa ya ile inayotupa rangi ya ngozi) kuwabana wavamizi, na inamwaga protini fupi fupi zinazotoboa kuta za bakteria. Himosayanini nayo haikai pembeni: ikikatwa, baadhi ya vipande vyake vinageuka silaha. Kwa kamba wa baharini vimepatikana vipande vinavyozuia kuvu. Kwa jamaa zao wenye magando wa maji baridi, vinavyoua bakteria. Zama hizi ambapo watu wananunua amoksilini kama peremende na vijidudu vimeanza kuizoea, silaha ngeni ni habari njema, ingawa kutoka maabara hadi duka la dawa ni safari ndefu.

Damu ya samawati ambayo tayari inatumika katika tiba ni ya Limulus, mnyama wa pwani za Marekani anayeitwa kaa lakini ni ndugu wa buibui na nge. Mwaka 1956 mtafiti Frederik Bang alieleza jinsi damu yake inavyoganda ikikutana na sumu za bakteria. Tangu miaka ya 1970 kipimo kilichotokana nayo kimetumika kukagua chanjo na dripu kabla hazijafika kwa mgonjwa.

Sasa usikimbilie supu ya kaa. Tumbo linazimeng'enya protini hizo kama linavyomeng'enya maharage. Tena kuna wanaodhurika nazo: himosayanini ni mojawapo ya protini zinazoleta mzio, pamoja na tropomayosini ya kwenye misuli. Kama unakula dagaa wa ziwani na midomo inakuwasha, kabla hujamlaumu dagaa, mwaga fungu kwenye ungo ulitazame vizuri. Wale wadogo waliojikunja, wenye sharubu, ni uduvi.