Twita si lazima ikae juu ya dashibodi ikimtazama dereva

Wengi huamini twita, ile spika ndogo ya gari inayotoa sauti nyembamba, ikae juu kabisa, kwenye kona ya kioo cha mbele, imwelekee dereva usoni. Sauti hupanda juu, kweli, ila mara nyingi huchoma masikio kwa sababu kioo nacho huirudisha. Tena kwenye gari la usukani wa kulia, twita ya kulia iko karibu mno na dereva, hivyo muziki wote huegemea upande huo.

Kinachosahaulika ni spika ya mlangoni. Kwenye hezi 3000 (mitetemo 3000 kwa sekunde), ambako spika ya mlango na twita mara nyingi hupokezana sauti, wimbi la sauti lina urefu wa sentimita 11 na kitu. Twita ikiwa karibu na sikio kuliko spika ya mlango kwa sentimita 6 hivi, mawimbi yao huweza kufika yakipingana na kufutana. Mwimbaji hukosa uwazi hata uongeze sauti. Kama redio yako haiwezi kuchelewesha sauti ya kila spika peke yake, anza na kile kipembe cha mlango kwenye kioo cha pembeni, au mlangoni karibu na spika yenyewe.

Usitoboe kwanza. Ibandike kwa tepu, cheza wimbo wa mwimbaji mmoja, kisha zielekeze twita zote mbili katikati ya viti vya mbele, usawa wa vichwa. Kisha badilisha nyaya za chanya na hasi kwenye twita zote mbili, usikilize tena. Acha pale sauti inaposikika nene zaidi.

Kapasita, kile kifaa kidogo kwenye waya wa twita kinachozuia besi, isiondolewe; besi itaunguza koili ya twita. Na nguzo ya kando ya kioo cha mbele iliyoandikwa SRS AIRBAG, yaani yenye mfuko wa hewa wa usalama ndani, usiiguse kabisa.