Je, wajua kwa nini Batman haui?

Batman ni miongoni mwa mashujaa wa kubuni wanaojulikana zaidi duniani, na pengine ndiye mwenye sura ya huzuni kuliko wote. Alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika toleo la 27 la jarida la katuni la Marekani liitwalo Detective Comics, akiwa amebuniwa na mchoraji Bob Kane pamoja na mwandishi Bill Finger. Hana nguvu za kimiujiza. Ana utajiri, akili, mwili uliozoezwa kupita kiasi na vazi jeusi la popo, na kwa hayo anajichukulia sheria mkononi kila usiku katika mji wa Gotham, akiwapiga majambazi bila kuwabembeleza. Anayemsoma kwa mara ya kwanza hujiuliza swali la haki kabisa: ikiwa mtu huyu aliuliwa wazazi wake wote wawili mbele ya macho yake, na amebeba hasira kiasi hicho, kwa nini hawaui wauaji anaowakamata? Jibu limo katika jinsi majonzi na huruma vilivyomjenga, na vitu hivyo viwili havikuingia ndani yake kwa pamoja.

Kisa cha wazazi wake kilisimuliwa Novemba 1939, katika toleo la 33, kwa kurasa mbili tu. Thomas Wayne, mkewe na mtoto wao Bruce wanarudi nyumbani usiku baada ya kutazama sinema. Jambazi anawatokea na bastola, anautaka mkufu ulio shingoni mwa mama. Baba anapojaribu kumzuia anapigwa risasi; mama anapiga kelele, naye anapigwa risasi. Siku chache baadaye tunamwona Bruce amepiga magoti kando ya kitanda, mikono ameikutanisha kama mtu anayesali, akiapa kwa roho za wazazi wake kwamba atalipa kisasi cha vifo vyao kwa kupigana na wahalifu wote maisha yake yote. Kiapo hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Kisasi kimo, lakini hakina mlengwa. Mtoto hasemi kwamba atamsaka yule aliyefyatua risasi; anajitwika uhalifu wote, kana kwamba akiusimamisha wote, kifo kile kimoja nacho kitafutika. Wasomaji walikaa miaka mingi bila hata kulijua jina la muuaji, kwani Joe Chill alitajwa kwanza mwaka 1948. Hilo halikuwapunguzia kitu, kwa sababu kisa hakikuwahi kuwa chake. Kilikuwa cha mtoto aliyebaki.

Mtoto aliyefiwa hana njia za mtu mzima za kuuelewa msiba. Mara nyingi hujiona yeye ndiye chanzo: angenyamaza, angekimbia, asingetaka kwenda sinema, wangekuwa hai. Batman amekuzwa na fikra za namna hiyo, na ukizijua, tabia zake nyingi zinazoonekana kuwa ukali mtupu zinaanza kueleweka. Anajiandaa kwa kila hatari kabla haijatokea. Anaficha mambo hata kwa marafiki. Halali, hapumziki, hakubali kupongezwa. Hiyo ni hali ya mtu ambaye siku moja alishindwa kufanya lolote, na tangu hapo hataki tena kukutwa hana la kufanya. Ukimya wake, ambao wengi huuchukulia kuwa kiburi, ni wa mlinzi anayesikiliza gizani.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya majonzi yasiyokoma. Mfiwa huendelea kumtamani marehemu au kutawaliwa na fikra juu yake kwa muda usiopungua miezi 6, kupita kiasi ambacho jamii yake inakitarajia, hadi maisha yake ya kawaida yanaharibika. Miongoni mwa dalili zake ni kujilaumu, hasira, kushindwa kukikubali kifo, ganzi ya hisia, na kuhisi kwamba sehemu ya nafsi imekwenda na marehemu. Simtaji Batman hapa kama mgonjwa, kwa kuwa mtu wa kwenye karatasi hapimwi na daktari. Ninachosema ni kwamba waandishi wake, vizazi kadhaa kwa kupokezana, wamemchora mfiwa kwa usahihi unaoshangaza. Bruce Wayne wa mchana, tajiri anayecheka kwenye karamu, ni barakoa. Mtu halisi ni yule aliyebaki barabarani usiku ule.

Kama ingekuwa majonzi peke yake, tungepata muuaji. Na kwa kweli mwanzoni ndivyo ilivyokuwa. Katika hadithi yake ya kwanza kabisa, Batman anampiga mhalifu ngumi, mtu yule anatumbukia katika tangi la tindikali, na Batman anaona kwamba amestahili. Mwaka 1940 alifyatua bunduki ya rashasha kutoka kwenye ndege yake. Baada ya hapo mhariri Whitney Ellsworth akaamuru kwamba shujaa huyo asiue tena wala asitumie bunduki. Kwa hiyo marufuku ilitoka ofisini, na anayependa hadithi hizi hana haja ya kulificha jambo hilo. La kupendeza ni kilichofuata: waandishi waliokuja baadaye waliikuta sheria ile wakaitafutia sababu ndani ya mtu mwenyewe, na sababu ilikuwapo tangu zamani, imelala pale barabarani. Bastola ndiyo iliyomfanya yatima. Kila anayeuawa anaweza kuwa baba wa mtu.

Huruma ilitoka wapi, basi? Kwa maoni yangu jibu bora lilitolewa mwaka 1976, katika hadithi iliyoandikwa na Dennis O'Neil na kuchorwa na Dick Giordano. Humo tunajulishwa kwamba kila mwaka, tarehe ileile waliyouawa wazazi wake, Batman huacha shughuli zote na kurudi kwenye uchochoro ule. Tunakutana pia na mwanamke aitwaye Leslie Thompkins, ambaye usiku wa mauaji ndiye aliyemsogelea mtoto yule na kumfariji. Tangu hapo ametumia maisha yake kuwasaidia watu wa mtaa huo, na hajui kwamba mtoto yule ndiye huyu mwenye vazi la popo aliyesimama mbele yake. Katika hadithi hiyohiyo jambazi anamwelekezea Batman bastola mahali palepale, na hasira inamshinda. Anampiga mtu yule kwa ghadhabu isiyo ya kawaida yake. Majonzi na huruma vinakutana kwenye kipande kimoja cha barabara. Yaliyobaki ya usiku ule si mlio wa risasi peke yake, bali pia mkono wa mtu asiyemjua uliomshika alipokuwa hana mtu. Alfred naye, mtumishi wa nyumba, alipoingizwa mwaka 1943 alimkuta Bruce tayari ni mtu mzima. Waandishi wa baadaye ndio waliorudi nyuma na kumfanya awe mlezi wake tangu utotoni. Nadhani walihisi kwamba mtoto asiyelelewa na yeyote asingeweza kuwa mtu huyu.

Saikolojia inawaunga mkono. Ervin Staub, aliyezaliwa Budapest mwaka 1938 katika familia ya Kiyahudi, alinusurika mauaji ya Wanazi akiwa mtoto, kwa msaada wa watu waliohatarisha maisha yao, akiwamo mwanamke aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao. Alipokuwa mwanasaikolojia nchini Marekani aliandika kwa kirefu juu ya wema unaozaliwa na mateso. Hoja yake ni kwamba kuteseka kwenyewe hakumfanyi mtu awe mwema, na kunaweza kumfanya awe katili. Kinacholeta tofauti, pamoja na mambo mengine, ni kama kulikuwa na mtu aliyemjali, aliyemsaidia, au aliyemwonyesha kwa matendo kwamba msaada unawezekana. Ukitaka kuliona hilo katika katuni, mweke Batman karibu na Punisher, aliyetokea mwaka 1974. Frank Castle, ambalo ndilo jina lake halisi, naye alipoteza mke na watoto kwa risasi za majambazi, naye anajichukulia sheria mkononi, na anaua bila kusita. Msiba unafanana. Lakini yeye alifikwa akiwa askari aliyekwisha kufundishwa kuua, na nyumba yote iliondoka kwa siku moja.

Batman, kinyume chake, alianza mapema kuwapokea yatima. Robin, msaidizi wake mdogo, alitokea Aprili 1940. Robin huyo wa kwanza, Dick Grayson, ni mtoto wa sarakasi ambaye wazazi wake walianguka na kufa baada ya genge lililokuwa likimtoza mwenye sarakasi fedha kuharibu kamba zao. Bruce anamchukua mtoto huyo nyumbani kwake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna aliyehitaji kumweleza Batman kilichokuwa kikipita moyoni mwa mtoto yule. Tangu hapo afya ya moyo wake inaweza kupimwa kwa watoto walio karibu naye. Mwaka 1988 wachapishaji waliwaachia wasomaji waamue kwa simu kama Robin wa pili, Jason Todd, aishi au afe. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi, na Joker, adui mkubwa wa Batman, akamuua. Hadithi zilizofuata zinamwonyesha Batman akizidi kuwa mkali na mzembe juu ya usalama wake, hadi kijana aitwaye Tim Drake alipoligundua jambo hilo na kudai kwamba Batman hawezi kukaa bila Robin. Kijana huyo alikuwa sahihi. Anayelelewa pale ni zaidi ya mtoto.

Huruma hiyo inawafikia hata maadui. Wengi anaowakamata hupelekwa Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa sababu anaamini kwamba bado wanaweza kupona. Katika katuni ya televisheni ya mwaka 2005 yumo msichana Ace, mwenye uwezo wa kuibadili hali halisi kwa akili yake, na ambaye anakaribia kufa kwa ugonjwa wa ubongo. Kifo chake chenyewe kinaweza kuangamiza watu wengi, hivyo Batman anapewa chombo cha kumuua kabla ya muda huo. Anaingia peke yake. Msichana, anayesoma mawazo, anajua alichobeba na anajua kwamba hakukusudia kukitumia. Anamwambia kwamba anaogopa, anamwomba akae naye, na Batman anakaa kwenye bembea iliyo kando ya ile aliyokalia msichana na kumshika mkono mpaka anapofariki.

Hata hivyo, si kila anayeachwa hai anaachwa kwa huruma. Jason Todd alirudishwa hai katika hadithi za mwaka 2005, na mwaka uliofuata alimuuliza Batman uso kwa uso kwa nini Joker bado anapumua. Jibu alilopewa halikutaja utu wa Joker. Batman alikiri kwamba anatamani kumuua, tena kwa mateso, lakini akijiruhusu kushuka huko hatarudi tena. Hapo anayesema ni mtoto wa uchochoroni anayeyaogopa majonzi yake mwenyewe. Jason hakuridhika. Alikuwa akidai kidogo tu: mtu mmoja auawe, kwa ajili yake, na mtu aliyemwita baba. Naamini majibu yote mawili, la Ace na la Joker, ni ya kweli kwa mtu huyohuyo, na ndiyo maana waandishi hawajaweza kumpatia Jason jibu linalomtosha.