Strapu za kunyanyulia vyuma: ni nini, na zinamfaa nani?

Beba dumu la lita 20 lililojaa maji, upande nalo mwinuko wa Kibosho. Kabla miguu haijachoka na kabla mgongo haujalalamika, vidole vinaanza kufunguka vyenyewe. Unatua dumu, unabadilisha mkono, unaendelea. Si wewe mzima uliyeshindwa pale, ni vidole tu.

Kwenye vyuma mambo ni hayohayo. Unaponyanyua chuma kutoka chini mpaka usawa wa mapaja, yaani dedilifti, kazi kubwa ni ya mgongo, makalio na mapaja. Lakini chuma chote kinaning'inia kwenye vidole, na vidole huendeshwa na misuli midogo ya kigasha. Hiyo ndiyo inayochoka kwanza. Mgongo ungeweza kumaliza mara nane. Mkono unaachia ya tano.

Strapu ni utepe mgumu wa pamba, nailoni au ngozi, upana wa sentimita 4 hivi, wenye kitanzi upande mmoja. Unapitisha ncha kwenye kitanzi, unaingiza mkono, unakaza kwenye kifundo cha mkono. Ncha iliyobaki inapita kiganjani, inaingia chini ya chuma kuelekea mbele, kisha inarudi juu yake, kinyume na vidole vinavyozunguka. Unaikaza kwa kuzungusha chuma kidogo. Sasa sehemu kubwa ya uzito inabebwa na kifundo, vidole vinashikilia tu. Msizichanganye na zile bandeji za kukaza kifundo wakati wa kusukuma chuma kifuani. Zile hazigusi chuma kabisa.

Kuna swali halikosekani kwenye majimu ya Moshi: "Kaka, hiyo si kudanganya?" Inategemea unafanya nini. Kwenye pawalifti, yaani mashindano ya kunyanyua uzito mkubwa kabisa mara moja, ya shirikisho la kimataifa, IPF, strapu haziruhusiwi. Kwenye mashindano ya watu wenye nguvu ni kawaida: Eddie Hall aliponyanyua kilo 500 mwaka 2016 alikuwa nazo, na Hafþór Björnsson aliyemzidi kwa kilo moja mwaka 2020 alikuwa nazo pia. Wewe unayefanya mazoezi jioni baada ya kazi huna refa. Unataka mgongo uchoke, basi uache uchoke.

Ila kwetu kuna jambo ambalo video za mtandaoni hazilisemi. Chuma cha kiwandani kina unene wa milimita 28 au 29 na mikwaruzo ya makusudi inayouma kiganja kidogo ili kisiteleze. Majimu mengi ya mtaani yana bomba la maji lenye makopo ya zege kila upande. Bomba la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33 hivi, la inchi moja na nusu linafika 48, na yote ni laini kama kioo. Jasho likiingia, hata mwenye mikono ya kuchimba mawe anateleza, na hapo strapu inasaidia. Na usihangaike na chaki ya ubaoni: ile ya wanyanyuaji, ya kukausha jasho kiganjani, ni magnesiamu kaboneti, kitu kingine kabisa.

Hata hivyo mimi simpi strapu mtu mwenye miezi mitatu jimu. Uzito wake bado ni mdogo, na kigasha kinahitaji kazi hiyo ili kikue. Aliyezoea azitumie kwenye seti zake nzito za mwisho, nyingine zote anyanyue kwa mikono mitupu. Kwenye kusukuma hazina kazi. Na ukinyanyua chuma kwa kasi mpaka mabegani, usizivae kabisa: chuma kikigeuka juu, kifundo kilichofungwa hakina pa kwenda, na ukishindwa huwezi kukitupa.

Huna haja ya kuagiza mbali. Mkanda wa siti ya gari iliyochakaa, au mkanda wa begi la mtumba kutoka soko la Memorial hapa Moshi, ukikatwa na kushonwa vizuri unatosha. Mwambie fundi arudie mshono mara mbili pale kwenye kitanzi. Hapo ndipo pa kuachia kwanza, na strapu moja ikikatika, chuma kinainama upande mmoja huku mkono wa pili bado umefungwa.